Siku Pick-up ya Baba Ilikataa Kuzimika kwa Wakwe

Chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikifika katikati mimi mwenyewe huwa natoka jasho, na ni aibu mtu mzima mwenye watoto wanne kutokwa jasho kwa ajili ya pick-up iliyouzwa kama vyuma vikuukuu zamani.

Ilikuwa miaka ya tisini, siku ya koito yangu, yaani siku ile watu wa kwetu walienda kwa kina Chelangat, nje kidogo ya Litein, kuniombea mke. Tulitoka Chepilat asubuhi na pick-up ya baba, dizeli ya zamani iliyovuja oili kila mahali iliposimama, na mimi, badala ya kutafuta inavujia wapi, nilikuwa nimeimiminia karibu galoni nzima bila kupima (nilijiambia ikivuja nusu, nusu itatufikisha). Nilibeba baba na senge, dada yake baba, ambaye njia nzima aliangalia huku na huku kama kuna ishara mbaya, kwa sababu wazee wetu, hata wale wa kanisa, ndege akilia vibaya siku ya koito wanaweza kugeuza safari, na mambo ya ndoa yakaishia hapo.

Wazee wakaingia ndani kuongea, mimi nikaachwa nje, maana anayeombewa hana maneno siku hiyo. Nikaona tone jeusi kwenye nyasi ya mama mkwe, nyasi iliyokatwa vizuri mpaka unaogopa kuikanyaga. Halafu tone lingine. Nikasema wacha nijue leo inatoka wapi. Si ningekaa tu! Nikapangusa injini, nikaomba jikoni kikombe cha unga wa ngano (wasichana wakaangaliana, mkwe gani huyu anaomba unga), nikaunyunyiza injini yote, kwa sababu makanika mmoja alinionyesha kwamba oili ikitoka italowesha unga na utaona njia yake. Nikawasha, nikasimama mbele, nikavuta waya wa kuongeza mafuta kwa mkono ingurume kidogo.

Nikaachilia waya. Injini haikushuka, ikapanda. Nikakimbia nikachomoa funguo, na nikiwa nayo mkononi injini ndiyo kwanza inapanda, inalia kwa sauti sijawahi kusikia, unga unaniruka usoni, moshi unafunika boma lote. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka masikio yakaziba. Nilishaambiwa kwamba oili ikizidi hupanda kwa paipu ya hewa, na dizeli ikionja oili yake haihitaji funguo ya mtu, inajichoma yenyewe mpaka ipasuke na kurusha vyuma. (Najua, ningeingiza gia nikakanyaga breki, ingezimika. Nyinyi mnaongea mkiwa mmekalia viti.)

Moshi ukaingia mlangoni, wazee wakatoka mbio. Baba alishika kofia akaingia kwenye shamba la majani chai mpaka kiunoni. Senge akawa anapiga kelele, "Ishara! Nilisema mimi! Hiyo ni ishara!" Baba yake Chelangat, aliyewahi kuendesha trakta kwa shamba kubwa la chai, akaita kutoka nyuma ya stoo ya mahindi, "Funga hewa! Wewe kijana, funga pale inavuta hewa!"

Nikang'oa paipu ya hewa, mdomo wa injini ukabaki wazi ukinyonya, na sina kitu cha kuziba. Hapo mama mkwe akatokea kwenye moshi, leso ameitoa mabegani. Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hata salamu ni ya mbali, na nilikuwa nimeonywa wiki nzima nisije nikampa mkono. Akakunja leso akaisukuma pale, nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukakandamiza pamoja tumefunga macho. Injini ikakohoa mara mbili, ikatikisa gari yote, ikafa.

"Sasa achilia mkono yangu," mama akasema polepole.

Senge hakutaka hata kurudi ndani. "Hii ndoa imekataliwa," akasema, "tutafute gari ingine turudi nyumbani." Chelangat alikuwa mlangoni mwa jikoni, machozi yanamtoka, na mimi nikajua nimempoteza hivyo, kwa kikombe cha unga. Baba yake akazunguka pick-up, akaangalia oili, akaangalia leso, akaniangalia mimi nilivyokuwa mweupe.

"Mimi naona hivi," akasema. "Sisi wanaume wote tumekimbia. Huyu amesimama. Msichana yangu nitapea mtu wa kusimama." Wakarudi ndani, wakamalizana.

Tangu siku hiyo sijafungua boneti kwenye boma la mtu, na oili napima mara mbili. Ilikuwa inavujia wapi? Sijui mpaka leo.

Lakini wacha niseme lingine ambalo sijawahi kusema. Nilitaka kukimbia kuliko wote, haki ya Mungu, ni miguu iliyokataa. Mzee amekufa akijua alipata mkwe shujaa, kila sherehe alisimulia, na watu walinipigia makofi nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Mama mkwe alikuwa akisikiliza tu huku akimimina chai. Yeye ndiye aliyekuwa na mikono yangu juu ya yake, na anajua vile ilikuwa ikitetemeka.