Plagi Nne Juu ya Gazeti

Wiki hii, kwenye gereji moja hapa Lushoto, nimeona binti akisoma maisha ya mtu kwenye plagi nne.

Mzee mmoja kutoka Magamba, huko juu mlimani, alileta gari lake, linakata pumzi kwenye kona za kupanda. Fundi, binti wa umri wa mjukuu wake, alimwamkia kwanza. Kisha akafungua plagi, akazipanga juu ya gazeti, hilihili unalolisoma, akaziinamia.

"Babu, asubuhi za baridi unawasha gari, unaliacha lingurume mpaka umalize chai."

Mzee akavua kofia. "Nani kakwambia?"

"Masizi haya. Na hii ya tatu ni mpya kuliko wenzake, uliibadilisha peke yake, siku gari lilipogoma."

"Kweli, mwanangu. Nilikuwa nampeleka mama yao hospitali."

Binti akainua uso. "Pole, babu. Zinabadilishwa zote pamoja. Kitabu cha gari kinataja kilomita, lakini hakiijui baridi ya Magamba. Kila ukija kumwaga oili, nizifungue nizitazame."

Alipokwisha kufungiwa mpya, mzee akaiokota ile ya tatu, akaifuta kwa kiganja, akaitia mfuko wa shati.

Shule nimesoma miaka mingi, kusoma kwa namna ile sijui.

"Na gari lako, baba?" fundi akanigeukia.

Nikasema langu ni zima. Mwaka jana nilimwambia mke wangu nimebadilisha plagi zote, na sasa alikuwa amekaa ndani ya gari langu hapo nje, kioo kimeshushwa, anatusikia.

"Mfungulie boneti," mke wangu akaniambia. "Na sisi tusomewe."