Mshale wa Joto la Oili

Harufu ya oili ya injini iliyopata moto bado hunisimamisha njiani. Ikinifikia nje ya gereji yoyote, narudi kuwa msichana wa miaka kumi kwenye gari la spoti la baba mdogo, jekundu, fupi, la milango miwili.

Siku hiyo tulitoka Mwisenge kwenda Bunda, kwa wazazi wa mchumba wake. Wazee wa nyumba ile walikuwa wametoa neno moja tu: mposaji afike kabla ng'ombe hawajarudi saa saba kunywa maji. Akichelewa, asishuke kwenye gari.

Baba mdogo alinipa kazi ya kuangalia geji ya joto la oili. Mimi nilikuwa mtoto wa kuogopa makosa, wa kufuta daftari mpaka karatasi itoboke. Darasani tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia moja. Nikaamua, bila kumwuliza mtu, kwamba oili nayo ikifika mia injini inakufa. Mshale ulipogusa tisini nikasema, "Baba mdogo, simama." Akasimama.

Tulisimama njia panda ya Butiama. Tukasimama Kiabakari, boneti wazi, vijana wa bodaboda wakimwuliza kama gari lake linanyonyesha. Yeye alijibu tu kwamba haraka haina baraka. Kila tulipoondoka mshale ulipanda tena, nami niliulaani kimoyomoyo, kucha mdomoni.

Tulifika ng'ombe wameshakunywa, wamelala wanacheua. Mzee mmoja alikuja hadi dirishani, akasema, "Rudini salama." Hatukushuka. Mwaka uliofuata yule dada aliolewa na mwingine, na hatia nikaibeba mimi.

Baadaye nilijifunza magari mwenyewe, kwa kusoma na kufungua injini. Nikajua kwamba oili kufika mia ni kawaida kabisa. Nililia kwa hasira. Mwaka jana nikaenda kumwomba baba mdogo msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa najua, mama," alisema. "Fundi alishaniambiaga, mpaka mia na ishirini twende tu."

Nikamwuliza mbona basi alisimama. Akasema kila nilipomwambia asimame, moyo wake ulitulia.

Alihitaji mtu wa kumzuia asifike, akamchagua mtoto asiyeweza kunyamaza. Mimi nilimwomba msamaha. Yeye hakuniomba, na sikuthubutu kumkumbusha.