Vigingi vya Darasa la Sita

Nichekeni tu, nimeshazoea, ila mkitoka hapa msiniulizie Mugoma, kwa sababu kule mpaka leo wapo watu wakiniona nimeshika kamba wanatazama mapaa yao. Mimi ndiye mwalimu aliyemfanya mkwe wake aezue nyumba kwa ajili ya somo la hesabu. Aibu niliyoipata siku ile, hata adui yangu simwombei.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi tu, kichwa kimejaa mbinu za kufundishia (ukiwa kijana unadhani hakuna aliyewahi kufundisha kabla yako), na nilikuwa nimeposa kwa Mzee Simoni, binti yake Perpetua, jibu nikaahidiwa kulipata Jumapili. Sasa darasa la sita walikuwa wamenishinda kabisa kwenye eneo na mzingo. Urefu mara upana wanakariri kama sala, lakini ukiwauliza eneo ni kitu gani wanatazama dari. Nikasema hawa dawa yao ni mchezo. Nikakata kamba za katani, zote sawa, hatua ishirini na nne kila moja, nikawapeleka kwenye uwanda wa mbele ya shule, nikaliambia kila kundi lizungushe kamba yake kwenye vigingi lipate kiwanja cha nyumba, na wenye eneo kubwa ndio washindi. Walibishana mpaka wakasukumana! Kundi moja likatoa kiwanja chembamba kama kitanda cha mseja, hatua kumi kwa mbili, lingine likatoa mraba, sita kwa sita, wakahesabu, wakarudia kuhesabu, mpaka wakagundua wenyewe kwamba kamba ni zilezile lakini mraba ndio unaomeza ardhi kubwa. Nilifurahi nusura nicheze ngoma. Kengele ikalia, nami nikaona kung'oa vigingi leo na kuvipigilia tena kesho ni kujitesa bure. Nikaviacha palepale.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Maana miaka ile vigingi na kamba uwandani vilikuwa na maana moja tu, kwamba mnahamishwa. Kijiji jirani mambo yalianza hivyohivyo, vigingi, halafu lori, halafu waliochelewa wakaezuliwa nyumba kwa nguvu, na waliowahi wakajichagulia viwanja vya barabarani.

Asubuhi nikatoka na mswaki mdomoni, nikakuta uwanda umejaa vitanda, vinu, magunia ya maharage, kuku waliofungwa miguu, na bibi mmoja amekaa juu ya jiwe lake la kusagia, hataki mtu alisogelee. Katikati ya ule mraba wa sita kwa sita amesimama Mzee Simoni, kifua mbele.

"Shikamoo baba," nikasema, povu linanitoka.

"Marahaba, mwanangu! Nimewahi. Nimewaambia watu, mpimaji ni mkwe wangu, mimi nitakuwaje wa mwisho? Paa nimeliezua lote tangu alfajiri."

"Paa lipi, baba?"

"La nyumba yangu! Unauliza nini sasa?"

Nyuma yake alikuwa mama mkwe mtarajiwa, ambaye kwa desturi yetu sitakiwi kuonana naye uso kwa uso, na aliponiona akajiziba uso kwa ungo. Nami kwa heshima nikageukia upande wa pili haraka, nikamkanyaga mbuzi, mbuzi akapiga kelele, watu wote wakanitazama.

Nilikuwa nataka kusema ukweli, Mungu shahidi, ila mwenyekiti wa kijiji akafika mbio, vifungo vya shati vimepishana. Naye alidhani amri imetoka wilayani ikampita, na badala ya kuuliza (mwenyekiti gani anauliza mbele ya watu?) akapanda juu ya kinu kilichofudikizwa.

"Ndugu wananchi! Jambo hili mimi nalijua siku nyingi. Wilaya imeagiza, mwalimu amepima, nami nawapongeza!"

Makofi! Wanaume wawili wakatimua mbio kwenda kuezua kwao. Nikaona nikinyamaza kidogo tu, Mugoma nzima italala nje.

"Ni hesabu!" nikapiga ukelele. "Jamani, ni somo! Darasa la sita! Eneo na mzingo!"

Mwenyekiti akashuka kwenye kinu taratibu, akasema hata hilo alikuwa analijua.

Mzee Simoni hakucheka. Alitazama vigingi, akatazama vitanda vyake, akanitazama mimi. "Hesabu," akasema. "Haya, nipigie na hii. Mimi, mke wangu, watoto saba, na wingu lile pale. Leo tunalala wapi?"

Nilijua nimeshamkosa Perpetua, roho iliniuma hasa. Nikamwona ameinamia sufuria, mabega yanatikisika, nikadhani analia kwa ajili yangu. Kumbe anacheka!

"Kwangu, baba," nikajibu, maana jibu lingine sikuwa nalo.

Wakaingia wote na mbuzi wao. Na kwa kuwa siwezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe, mimi nikahamia darasani, nikawa nalala juu ya madawati, Perpetua ananiletea chakula mlangoni kama mfungwa. Jumapili ikapita, jibu hakuna. Kila nikimaliza vipindi niko juu ya nyumba ya mzee naezeka nyasi, sijawahi kuezeka hata banda la kuku, na mvua ikinyesha inaninyeshea hukohuko juu.

Paa lilipokwisha nikaoga, nikavaa shati safi, nikaenda kuulizia jibu langu. Mzee alilizunguka lile paa kwa macho, akatafuta kosa akalikosa.

"Binti utapewa," akasema. Moyo ukaniruka. "Ila mama yako amekaa kwako, ameona mwenyewe. Chumba chako kinavuja juu ya kitanda. Hawezi kumtoa mtoto kwenye paa jipya ampeleke kwenye matone. Na kuezeka si umeshajua?"

Nikapanda tena siku ileile, na shati langu safi, nikaapa nikiwa hukohuko juu. Toka hapo eneo nafundisha ubaoni, kwa chaki. Watoto wasipoelewa shauri yao, angalau wazazi wao wanalala ndani.