Trekta la Longino na Boneti Iliyobonyea

Ipo siku moja ambayo bado naikumbuka, mwanangu, kila ninaponusa mafuta ya taa. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mke mpya katika nyumba ya wakwe zangu pale Mlabani, Ifakara.

Baba mkwe wangu, Mzee Anselmi, alikuwa ameendesha matrekta ya shamba la mpunga huko Kiberege mpaka magoti yakamkatalia. Alistaafu, lakini mikono yake haikustaafu. Akawa anakusanya vitu vya zamani vya kuchezea watoto: malori ya bati yaliyoliwa na kutu, na vitrekta vya chuma vile ambavyo mtoto hukalia na kukanyaga pedali. Anavifungua, anavilowesha mafuta ya taa, anavisugua kwa msasa, anavipaka rangi, kisha anavipanga barazani na kuvitazama. Hauzi hata kimoja. Watu wa mtaa walisema mzee amerudia utoto, na mimi nilicheka pamoja nao mpaka siku nilipoombwa nishike brashi. Tangu hapo ugonjwa huo umeniingia, na malori haya unayoyaona kabatini ndiyo ushahidi.

Kufanya kazi naye kulikuwa na mambo yake. Kwa desturi ya nyumba ile, mzee na mke wa mwanawe hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawasemeshani ana kwa ana. Akitaka msasa, nauweka juu ya kigoda na kurudi nyuma, naye anauchukua. Akitaka kunikosoa, anakisemesha chombo kilicho mbele yake.

"Wewe lori, mwambie anayekusugua asikuchune ngozi."

Nami najibu nimeinamisha kichwa: "Lori limesikia."

Mama mkwe alikuwa akipeta mchele pembeni, na mara nyingi alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Basi mwaka huo zikaja habari kwamba shemeji yangu Longino, mwana wa kwanza wa mzee, atakuja Krismasi na binti yake mdogo. Longino alikuwa akiishi Malinyi, ng'ambo ya mto. Salamu alituma, samaki wakavu alituma, lakini miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kulala chini ya paa la baba yake. Akija, alikunywa maji akiwa amesimama, akaaga. Mzee hakulalamika, ila nilimwona akimsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Aliposikia safari hii anakuja na mtoto, akalitoa stoo trekta la pedali alilompa Longino alipokuwa mdogo. Alitaka likamilike kabla hawajafika.

Tulilifanyia kazi kwa moyo. Tukafungua mnyororo, tukanyoosha usukani, tukakata mpira wa tairi kuukuu na kuyavisha magurudumu. Ikabaki boneti. Katikati yake palikuwa pamebonyea, shimo la kutosha ngumi ya mtu mzima. Mimi, kijana mwenye haraka, nikasema moyoni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikakoroga puti ya kuzibia, nikaichota kwa kisu.

"Wewe trekta!" mzee alinguruma. "Mwambie huyo aweke kisu chini!"

Nikaweka. Mama mkwe akaacha kupeta. Mzee akainama juu ya ile boneti, akasema nayo polepole, na sauti yake haikuwa ya hasira tena.

"Longino niliambiwa ameacha mpunga wa kuanika unyeshewe. Nikachukua nyundo, nikakupiga mbele ya macho yake. Kumbe mama yake ndiye aliyemtuma kisimani, naye alikutumia wewe kukokota ndoo. Niliijua kweli jioni ileile, nikanyamaza, maana nilifundishwa kwamba baba hamwombi mtoto radhi. Yote yaliyofuata kati yetu yalijengwa juu ya shimo hili. Leo nikikuziba nikakupaka rangi ukang'aa, atadhani nimesahau."

Nililia palepale, mikono imejaa puti. Tukapaka rangi nyekundu mwili mzima, tukaacha shimo lilivyo.

Longino akaja. Akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akabaki amesimama mlangoni kama kawaida yake, mpaka alipoliona trekta uani. Mzee akamshika mkono, akamwongoza, akaviweka vidole vya mwanawe ndani ya lile shimo, sisi sote tukitazama.

"Hapa nilikosea mimi," alisema. "Nisamehe, baba yangu."

Alimwita baba yangu, kama wazee wetu wanavyowaita wana wao wanapowapenda. Longino alikaa chini kwenye vumbi, na suruali yake nzuri ya sikukuu, akafunika uso kwa mikono. Binti yake alikuwa ameshalipanda trekta na kuzunguka ua mzima, akiwatimua kuku. Baadaye Longino akamwita mama yake, akamwomba mkeka wa kulalia.

Nimekarabati vitrekta na malori mengi tangu wakati ule, na wenye jicho la kuchagua hunisifia rangi. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukimuumiza mtu, mwanangu, usikimbilie zawadi, wala maneno matamu ya kupaka juu. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mpeleke mpaka pale pale ulipogonga, useme kwa kinywa chako kwamba ni wewe uliyegonga. Usingoje magoti yakukatalie kama yalivyomkatalia mzee wangu. Na ukiwa mkubwa kwa aliyeumia, fanya haraka zaidi, kwa sababu yeye hana ruhusa ya kukudai.

Mungu akujalie mikono ya kutengeneza na kinywa chepesi cha kusema nimekosa. Wanao waje kwako bila kusimama mlangoni, wale, washibe, walale.