Marufuku ya Shikamoo Mbele ya Korona

Watu wa kiwandani kwetu, nje kidogo ya Kilosa, walisema sina adabu. Waliosema hivyo walikuwa na vidole vyao vyote.

Miaka ile mashamba ya mkonge yalikuwa yanauzwa kwa watu binafsi, na letu likauzwa. Mimi nilikuwa nyapara wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi zake. Dada mmoja wa kijiji cha Zombo, hodari wa kuilisha kuliko sisi wote, alipoteza vidole vinne mchana kweupe. Ofisini wakaandika uzembe. Uzembe gani? Mbeba singa mmoja, mdogo kwake kiumri, alipita nyuma yake akamwamkia shikamoo, naye akageuka kuitikia marahaba kama alivyolelewa. Basi.

Nilikasirika. Kesho yake nilichora mstari wa chokaa kuizunguka mashine, nikatangaza kwamba ndani ya mstari huo hakuna kuamkia wala kuitikia, hata akipita mzazi wako. Na yeyote akiona hatari azime mashine bila kuomba ruhusa. Wazee walininunia. Wawili walikwenda kwa mama yangu kumuuliza kama alinizaa au aliniokota. Mama alinitetea mbele yao, walipoondoka akanisema vibaya sana. Mstari sikuufuta.

Tajiri aliyenunua shamba akaleta meneja kutoka Dar. Siku moja meneja huyo alikuja na wageni wake, akavuka mstari, akasimama nyuma ya mzee wa Lumuma aliyekuwa analisha mashine.

"Habari za kazi, mzee?"

Mzee hakugeuka. Meneja akaona anaaibishwa mbele ya wageni, akamshika bega. Nikazima mashine.

Nilikuwa na watoto watatu, na ofisini walikuwa wanaandaa majina ya watu wa kupunguzwa kazi. Nililijua hilo mkono wangu ukiwa kwenye swichi.

"Nani kazima?"

"Mimi, bosi."

"Washa."

"Rudi kwanza nyuma ya mstari."

"Wewe mama, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nakuambia kwa mdomo, sijakusukuma."

Mzee alijifuta mikono kwenye kaptula yake. "Mwanangu," aliniambia mimi, si meneja, "mashine hii siilishi na mtu mgongoni." Akaenda kukaa juu ya rundo la majani. Mwenzake akamfuata, na wabeba singa wakatua mizigo yao. Furaha niliyoisikia siku ile sijaisikia tena kazini. Wageni walikuwa wanaangalia viatu vyao. Meneja alirudi nyuma ya mstari, nami nikasubiri mzee akae sawa mahali pake ndipo nikawasha.

Mwisho wa mwezi jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Barua ilisema kiwanda kinapunguza gharama. Nilimwambia karani aandike sababu yenyewe, akacheka, akanisogezea kalamu nisaini. Nilikataa, nikatoka na mikono mitupu, bila kiinua mgongo. Sasa naandika mwenyewe: nilifukuzwa kwa sababu nilizima mashine, na kesho wakinirudisha pale nitaizima tena.