Barua Pepe Iliyowaleta Wakwe Siku ya Kupiga Mpunga

Nyie chekeni tu, mimi nimeshazoea. Kuna ukoo mzima kule Karema unanijua kwa jambo moja, na jambo lenyewe siwezi kulisimulia bila kutamani kujifunika kanga usoni.

Nilikuwa nasomea kutengeneza tovuti kwenye chuo kimoja pale Mpanda mjini. Mradi wetu ulikuwa kutengeneza programu ya barua pepe ya ukurasa mmoja, yaani ukibonyeza "zilizoingia" au "zilizotumwa" au "andika", ukurasa haubadiliki, vitu vinajificha na kujitokeza palepale, na mimi nilivyofanikiwa kuvificha mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna nyoka. Sasa hapa mnisikilize vizuri: ile programu haikuwa inatuma kitu popote. Ilikuwa ya mazoezi. Barua zilizunguka humohumo ndani ya kompyuta yangu, kutoka kwa mtu wa kubuni kwenda kwa mtu wa kubuni, kama watoto wanavyouziana maandazi ya udongo.

Likizo nikaenda nyumbani Usevya, na kwa majivuno yangu (nani alinituma?) nikaifungua sebuleni mbele ya watu. Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, akavaa miwani akasogea.

"Sabina, hii inatuma barua?"

Ningesema hapana, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Nikasema, "Ndiyo, baba mkubwa."

Kumbe mzee alikuwa na shida yake. Dada yangu Agripina alikuwa anachumbiwa na kijana wa Karema, kule ziwani, na wakwe walitakiwa kuja kujitambulisha Jumamosi. Lakini mpunga wetu ulikuwa umeshakatwa unasubiri kupigwa, kwa hiyo baba mkubwa alitaka wasogeze wiki moja mbele. Sasa baba mdogo wa yule kijana, Mzee Nikodemo, ni mtu wa ofisi, na baba mkubwa aliona kumpigia simu mtu kama huyo ni kumkosea heshima.

"Mwandikie barua pepe, mwanangu. Wajue na huku kuna wasomi."

Nikaandika, yeye anatamka mimi nachapa, salamu peke yake zikajaza nusu ukurasa. Nikabonyeza tuma. Yakatokea maandishi mekundu: *mpokeaji hayupo*. Mama akaniangalia kwa ile huruma ya kumwangalia mtoto aliyesahau shairi mbele ya mgeni rasmi. Nikasema, "Aa, mtandao tu," halafu haraka haraka nikamsajili Mzee Nikodemo mwenyewe humo ndani, na anwani yake kamili, nikabonyeza tena. *Imetumwa.* Jamani, nilipigiwa makofi! Mama akapiga na kigelegele.

Nikajiambia jioni nitaituma kwa njia ya kweli, kwa simu. Jioni bando likawa limeisha. Kesho yake nikakaa nahangaika na kitufe cha kujibu kilichokuwa kinagoma, na baada ya hapo ikawa ni mpunga tu, na mimi kusahau ndicho kipaji nilichojaliwa. Agripina naye hakumwambia mchumba wake kitu, alijua wazee wameshayamaliza.

Jumamosi tuko uani tunapiga mpunga kwenye turubai, vumbi limetukaa mpaka kwenye kope, mimi nimesukwa nusu kichwa, baba mkubwa kavaa kaptura iliyochanika nyuma. Tukasikia magari. Noah mbili. Zikashuka suti, vikashuka vitenge vya sare, likashuka na tenga la migebuka, wale samaki wa ziwani kwao.

"Hodi wenyewe!"

Baba mkubwa aliangalia mara moja tu, akakimbilia nyuma ya choo. Msemaji wa ukoo! Agripina akaingia ndani akajifungia, nikamsikia analia, na hapo ndipo nilipoikumbuka ile barua.

Baba mkubwa alirudi na suruali ya kuazima, amekaza uso. "Karibuni sana. Ila jamani, barua hamkuipata?"

"Barua gani?" Mzee Nikodemo akauliza.

"Tumewatumia! Watu wote hapa wameona, imeandika imetumwa. Sabina, lete kompyuta."

Nilitembea kwenda kuichukua kama mtu anayekwenda kuchimba kaburi lake. Nikafungua, barua ile pale, na salamu zake zote. Mzee Nikodemo akaisoma taratibu, akakuna kidevu. "Anwani ni yangu kweli. Lakini mbona kwangu haijafika? Binti, hii inapitia wapi?"

"Haipitii popote, shikamoo," nikajibu. (Shikamoo ya nini hapo katikati? Hata mimi sijui.) "Inabaki humuhumu. Ni ya shule."

Baba mkubwa alikaa chini kwenye mpunga. Nilijua posa ya dada yangu ndiyo imekwisha, na nimeimaliza mimi.

Aliyetuokoa ni shangazi wa yule kijana, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Alianza kucheka polepole, akacheka mpaka akashika mlango wa gari, kisha akavua viatu. "Nipeni kanga ya kujifunga. Tumekuja kuangalia familia, na familia ndiyo hii, inafanya kazi. Ungo uko wapi?" Wanaume nao wakavua makoti. Mpunga uliisha kabla jua halijazama, tukala migebuka yao na wali wa mchele mpya tuliotwanga palepale, na Agripina akatoka ndani macho yamevimba ila anatabasamu.

Wakaoana. Mradi nao niliufaulu. Ila baba mkubwa alininunia mpaka siku ya harusi, na sina wa kumlaumu. Nimeapa: mtu akiniuliza kama kitu changu kinafanya kazi, naanza na yale ambayo hakiwezi kufanya, hata kama sebule imejaa na mama yuko tayari na kigelegele. Juzi baba mkubwa kaniuliza tena kama sasa programu inatuma. Nikasema, "Hapana, baba mkubwa, haitumi."

Akanyoosha mkono. "Haya, nipe simu. Mzee Nikodemo nitampigia."