Mayai Sitini na Trei la Bati

Mwaka 1988, nikiwa na miaka thelathini na moja, ndipo shida ziliponianza. Duka la ushirika ambako mume wangu alitunza ghala lilifungwa, na yeye akapanda treni ya kwenda Zambia kutafuta kazi. Hakurudi. Nilibaki Makambako na watoto watatu na chumba kimoja cha kupanga. Shule niliishia darasa la tatu. Siombi radhi kwa hilo.

Nilikaanga maandazi, nikawauzia madereva wa malori pale njia panda. Wakati huo ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imeanza kushika. Sukari ambayo zamani tuliipangia foleni ilijaa madukani, siagi ikaja kwenye makopo ya kila namna, na watu wenye malori wakaanza kutaka keki kwenye sherehe zao. Kupika keki nilijifunza kwa mwanamke mmoja mpishi wa gesti, kwa kumtazama mikono. Nilijenga tanuri la matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba. Unachoma kuni za miwati ndani mpaka matofali yaive, unakokota makaa nje, unaingiza keki, unaziba mlango kwa bati.

Tini langu la kuokea lilikuwa la shibiri moja kila upande. Mayai sita, rojo la keki kimo cha vidole viwili, keki inatoka imesimama vizuri. Hiyo niliijua kama ninavyolijua jina langu.

Kosa nililifanya kwenye harusi ya binti wa mwenye malori. Waliniambia wanataka kubwa. Nikanunua trei la shibiri mbili kila upande, nikajiambia: limekuwa mara mbili, basi rojo nalo mara mbili. Mayai kumi na mawili. Keki iliyotoka ilikuwa nyembamba kama chapati, kingo zimekauka, kisu kikigusa inapasuka.

Mgeni mmoja aliinua kipande chake watu wote wakione. "Mama, hii keki umeoka au umeipiga pasi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kanga yangu mpya. Toka siku hiyo sikupata oda hata moja. Mji wenyewe ni mdogo, nikipita sokoni nasikia, "Yule wa pasi." Nikarudi kwenye maandazi.

Mwaka uliofuata alikuja mama mmoja kutoka Njombe, mwenyekiti wa kamati ya kipaimara ya usharika wao. Ndugu yake alikuwa jirani yangu. Akanisalimu kamwene, akakaa kwenye ndoo, akasema bila kuzunguka.

"Nilikuwepo kwenye ile harusi."

"Basi umekuja kunicheka nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kwa sababu kwetu hakuna mwenye tanuri la kuingiza keki ninayoitaka. Watoto thelathini wanapata kipaimara. Mwaka jana kila mzazi alileta keki yake, wenye nacho wakaleta ya ghorofa, maskini wakaficha watoto wao nyuma. Mwaka huu keki moja, ya wote. Kila nyumba inatoa mayai mawili."

Mayai ya dukani ukiyaharibu unanunua mengine. Haya yalikuwa ya nyumba thelathini, mengine ya wajane wenye kuku mmoja. Nikiyaharibu haya, nitakaa njia panda na karai la maandazi mpaka nizeeke.

"Nitaoka," nikasema.

"Usiipige pasi, mama."

Nilibeba tini langu la zamani na lile trei la aibu, nikaenda kwa fundi bati karibu na stesheni. Alikuwa mzee wa Kigoma, kofia yake ya kufuma haimtoki kichwani. Nikamwambia nataka trei kubwa kuliko yote, ila lipite kwenye mlango wa tanuri langu. Nilikuwa nimeupima kwa kamba. Akalitazama lile trei la shibiri mbili, akasema kona moja ina tobo. Ili alione akachota maji kwa tini langu dogo, akamimina.

Nilikuwa natazama tu. Akamimina tini moja. La pili. Trei likawa bado nusu. La tatu. La nne ndipo likajaa.

"Fundi, rudia."

"Nirudie nini? Tobo nimeshaliona."

"Achana na tobo. Rudia kumimina, nihesabu."

Manne. Siyo mawili. Nilikaa chini pale pale kwenye vipande vya bati. Kumbe ile keki ilikuwa na njaa tu. Niliinyima nusu ya chakula chake. Mikono yangu haikuwa na ubaya wowote. Mwaka mzima nilikuwa nimeamini nina mkosi.

"Mama, unalia au unacheka?" fundi akauliza.

"Kunja bati, fundi."

Mayai sitini, sita kwa kila tini: matini kumi ya rojo. Hesabu hiyo niliifanya kwa kokoto. Fundi akakunja trei kwa bati zima. Tukatia maji kwenye tini dogo mpaka vidole viwili, tukamimina kwenye trei mara kumi. Nikatumbukiza vidole: maji hayakufika.

"Kubwa mno. Lipunguze."

"Bati zima hili! Wallahi, wanawake wa Makambako mna ubahili hata wa ukubwa."

"Punguza, baba."

Akamwaga maji, akakata kipande upande mmoja, akakunja ukingo wake kwa ndani, tukamimina tena. Mara ya tatu maji yakasimama sawa na vidole vyangu. Kipande cha bati kilichobaki nikakichukua. Nilikilipia, nikiache kwa nini?

Mayai yalikuja asubuhi ya siku ya kuoka, kwenye kikapu chenye pumba. Tanuri limeshaiva, makaa yako nje. Nikayatia kwenye ndoo ya maji moja moja, na mengine yakaelea. Watu walikuwa wameyatoa chini ya kuku anayeatamia! Kwetu mtu hawezi kuja kanisani mikono mitupu, basi huchukua lililopo. Kumi na mawili yalikuwa mabovu.

Tanuri halingoji. Ningeenda kutafuta mayai mengine, matofali yangepoa na kuni zimekwisha. Na rojo la mayai arobaini na nane kwenye trei la sitini, hiyo ni pasi tena.

Nikayapanga mafungu ya kumi na mawili. Mafungu manne, kama yote yangekuwa mazima yangekuwa matano. Nikapima urefu wa trei kwa kamba, nikaikunja mara tano zilizo sawa, kipande kimoja nikakikata. Pale kamba ilipoishia nikasimamisha kile kipande cha bati cha fundi kama ukuta, nyuma yake nikakiegemeza kwa matofali makavu. Mwanya nikauziba kwa donge la unga wa maandazi.

Rojo likaingia. Vidole viwili, kila kona.

Nilikaa mbele ya tanuri nikisubiri. Nilipofungua, nikachoma katikati kwa spoku ya baiskeli. Ikatoka kavu. Keki ilikuwa imeinuka kimo kimoja toka ukingo hadi ukingo, ukuta wangu umesimama.

Tuliipeleka Njombe kwa pikapu, nimeishikilia mwenyewe. Watoto thelathini walishika kisu kwa zamu. Mama mwenyekiti alitafuna taratibu, akameza, akasema, "Leo umeme ulikatika. Pasi haikuwaka." Wiki ile ile nilipata oda mbili.

Leo nina nyumba ya vyumba vitano Makambako, ya matofali ya kuchoma. Shamba la mahindi ekari nne Mdandu. Miti ya mbao, ekari mbili. Matanuri matatu, moja la umeme. Ng'ombe wawili wa maziwa. Kuku mia moja, na mayai yao nayajua umri. Matrei kumi na saba ya kila kipimo. Na lile la ukingo uliokunjwa, na kipande chake cha bati; limetoboka kona, siliuzi.